Maswali ya Wasomaji: Swali la Kura ya Maoni Hutungwaje?

Barua nyingi tulizopokea kwa toleo hili zinahusu jambo moja, nalo ni namna swali la kura ya maoni linavyoandikwa na kuwekwa mbele ya mpiga kura. Tumechagua sita, tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyaacha.

Kabla ya majibu, neno lenyewe linahitaji kusafishwa kidogo. Katika Kiswahili cha kila siku, "kura ya maoni" ni utafiti wa watu wanaopiga simu kuuliza mgombea gani anapendwa, ni mchujo wa wagombea ndani ya chama, na pia ni kura ya wananchi wote juu ya jambo moja, kama katiba au hadhi ya nchi. Hapa tunazungumzia hiyo ya tatu peke yake, ambayo mahali pengi si maoni hata kidogo bali ni uamuzi unaoifunga serikali. Ndiyo maana wapo wanaopendelea kuiita kura ya maamuzi, na sioni sababu ya kugombana nao.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Nimekuwa nikisikia wanasiasa wakivutana juu ya neno moja katika swali la kura ya maoni. Mtu ambaye moyo wake umekwisha kuamua atageuzwa na neno moja? Hili si kutafuta ugomvi pasipo na ugomvi?

Shikamoo, Mwalimu. Sehemu ya hoja yako ni kweli tupu. Pale ambapo jambo limejadiliwa miaka na miaka, na kila familia imekwisha kugawanyika juu yake mezani, maneno ya karatasi hubadilisha watu wachache. Tatizo ni kwamba wachache hao ndio mara nyingine huamua. Mwaka 1995 wakazi wa Quebec, jimbo la Kanada, waliulizwa kama jimbo lao liwe na mamlaka yake kamili, na upande wa Hapana ulishinda kwa asilimia 50.58 dhidi ya 49.42, yaani tofauti ya kura zipatazo 54,000 kati ya kura karibu milioni tano.

Lisome swali lenyewe, kwa tafsiri yangu: "Je, unakubali kwamba Quebec iwe na mamlaka kamili, baada ya kuwa imeitolea Kanada pendekezo rasmi la ushirikiano mpya wa kiuchumi na kisiasa, kwa mujibu wa muswada unaohusu mustakabali wa Quebec na wa makubaliano yaliyotiwa saini tarehe 12 Juni 1995?" Neno "nchi" halimo. Neno "kujitenga" halimo. Lililomo ni pendekezo, ushirikiano, muswada na makubaliano, kiasi kwamba mtu mwenye haraka angeweza kudhani anaidhinisha mazungumzo tu. Waliolitunga walikuwa na maelezo yao, kwani ushirikiano huo ulikuwa kweli sehemu ya mpango wao. Hata hivyo, Bunge la Kanada lilipitisha sheria mwaka 2000 inayolipa Bunge la chini mamlaka ya kusema kama swali la namna hiyo liko wazi au la, kabla serikali kuu haijakubali kuketi mezani na jimbo lolote.

Sasa tazama jambo dogo zaidi. Serikali ya Scotland ilipojiandaa kwa kura ya mwaka 2014, ilipendekeza swali hili: "Je, unakubali kwamba Scotland inapaswa kuwa nchi huru?" Tume ya Uchaguzi ya Uingereza iliwapa swali hilo watu wa kawaida, ikakaa nao na kuwauliza wamelielewaje. Ikaonekana kwamba maneno "unakubali kwamba" yanamsukuma msomaji kuelekea Ndiyo, maana kukubali ni adabu na kukataa kunahitaji ujasiri. Maneno hayo yakaondolewa, na serikali iliyokuwa ikiitaka Ndiyo ikaridhia kuyaondoa. Swali lililobaki liliuliza kama Scotland iwe nchi huru, basi.

Mwalimu, hilo nadhani utalitambua kutoka darasani. Mwanafunzi akiulizwa "Mmeelewa?" hujibu ndiyo hata kama hajaelewa kitu. Akiulizwa "Nani anieleze nilichosema?" ndipo unapojua ukweli.

Niongeze kwamba maneno matamu hayashindi kila mara. Wakolombia mwaka 2016 waliulizwa kama wanaunga mkono makubaliano ya mwisho ya kumaliza vita na kujenga amani thabiti na ya kudumu. Nani atakataa amani thabiti na ya kudumu? Waliikataa, kwa asilimia 50.2, kwa kuwa waliokuwa wakiupinga mkataba walikuwa wanaupinga mkataba, si amani, nao walijua tofauti. Upande wa pili wa dunia, New Zealand, mwaka 2009 wananchi waliulizwa kama kofi, "kama sehemu ya malezi mema ya wazazi", liwe kosa la jinai. Asilimia 87 walisema hapana. Kura ile haikuwa ya kuifunga serikali, na sheria haikubadilishwa. Mojawapo ya lawama zilizotupiwa swali lile ilikuwa hiyo "mema": ukishaliita jambo jema ndani ya swali, umeuliza au umejibu?

Mhariri mpendwa, kwa nini maswali mengine yanajaa "kufuta", "kutofanya" na "si", mpaka mtu hajui Ndiyo yake inaenda wapi?

Mara nyingine sababu ni ya kisheria wala hakuna hila. Katiba ya Italia, ibara ya 75, inawaruhusu wananchi kuitisha kura ya kufuta sheria iliyokwisha kupitishwa, kwa hiyo Ndiyo maana yake ni "ifutwe". Mwaka 1974 kura ya namna hiyo iliitishwa juu ya sheria iliyoruhusu talaka. Aliyetaka talaka iendelee kuruhusiwa alilazimika kusema Hapana, na aliyeipinga talaka alisema Ndiyo. Hapana ilishinda kwa asilimia 59 na talaka ikabaki. Kampeni zilitumia nguvu nyingi kuwaeleza watu jambo hilo moja tu.

Kwa sisi tunaotumia Kiswahili kuna mtego wa ziada ambao sijaona ukizungumzwa inavyostahili. Mtu ambaye hajala akiulizwa "Hujala?" hujibu "Ndiyo, sijala", maana ndiyo yetu hukubaliana na kauli ya muulizaji. Mwingereza katika hali hiyohiyo hujibu "hapana" kwa lugha yake, kwa kuwa jibu lake hufuata ukweli wa tumbo lake. Sasa chukua swali la kukanusha, tuseme "Je, sheria hii isiendelee kutumika?", uliandike kwa lugha zote mbili kwenye karatasi moja ya kura. Watu wawili wenye msimamo mmoja wanaweza kuweka alama katika visanduku viwili tofauti, kila mmoja akiwa amejibu kwa usahihi kabisa kwa lugha yake. Tume inayochapisha karatasi katika lugha mbili au zaidi ingefanya vyema kupiga marufuku kanusho ndani ya swali, na lililotafsiriwa likarudishwa katika lugha ya kwanza na mtu ambaye hakuliona la awali.

Ndugu Mhariri, naikubali sehemu kubwa ya rasimu ya katiba, ila kuna ibara mbili ambazo dhamiri yangu inazikataa. Karatasi inaniruhusu Ndiyo moja au Hapana moja. Huku si kunilazimisha?

Ni kukulazimisha, ndiyo, na swali lako ndilo gumu kuliko yote yaliyotufikia.

Uswisi, ambako wananchi huitwa kupiga kura juu ya mambo ya taifa kwa kawaida hadi mara nne kwa mwaka, wana kanuni wanayoiita umoja wa jambo: pendekezo la wananchi la kubadili katiba lazima lihusu jambo moja, na vipengele vyake viwe na uhusiano wa ndani, ili mpiga kura asilazimike kumeza asichokitaka ili apate anachokitaka. Kamisheni ya Venice, chombo cha Baraza la Ulaya kinachoshauri mambo ya katiba, nayo imeiweka kanuni hiyo katika mwongozo wake wa kura za maoni, lakini imeacha mlango wazi kwa katiba nzima kuandikwa upya. Mlango huo una sababu. Katiba ni kama nyumba. Ukiwaruhusu watu waipigie kura kuta moja moja, unaweza kubaki na paa lililopitishwa na nguzo zilizokataliwa.

Wakenya waliishi hali yako mwaka 2010. Wapo waliokuwa na shida na mahakama za Kadhi kutajwa katika katiba, wapo waliokuwa na shida na ibara ya uhai na utoaji mimba, na makanisa makubwa yakapiga kampeni ya Hapana kwa ajili ya mambo hayo. Waliounga mkono yaliyobaki walilazimika kupima uzito. Zaidi ya theluthi mbili ya kura zilisema Ndiyo, na hatutajua kamwe ni wangapi kati yao walisema Ndiyo huku wamekunja uso.

Suala hilo lilirudi mahakamani nchini humo kwa sura nyingine, pale muswada wa marekebisho ya katiba uliojulikana kama BBI (Building Bridges Initiative, yaani mpango wa kujenga madaraja) ulipobeba mabadiliko mengi kwa pamoja. Mahakama Kuu, Mei 2021, ilisema kila badiliko lilipaswa kuwa swali lake peke yake. Mahakama ya Juu, Machi 2022, ilisema wakati wa kuliamua jambo hilo ulikuwa bado haujafika, na muswada wenyewe ukafa kwa sababu nyingine. Kwa hiyo mjadala huo haujafungwa. Kwa maoni yangu Mahakama Kuu ilielekea upande sahihi, ingawa karatasi yenye maswali sabini ingewachosha wapiga kura mpaka wakaweka alama ovyo. Njia ya kati ni kuyafunga mabadiliko katika mafungu yanayohusiana: ya bunge kwa bunge, ya mahakama kwa mahakama, ya fedha kwa fedha.

Kuna kufungasha kwa sababu za haki, na kuna kufungasha kwa hila. Tarehe 10 Aprili 1938, wiki chache baada ya majeshi ya Ujerumani kuingia Austria, wapiga kura waliulizwa katika sentensi moja kama wanakubali kuunganishwa kwa Austria na Ujerumani na kama wanaipigia kura orodha ya Adolf Hitler. Mambo mawili, jibu moja. Chile, Januari 1978, ilikwenda mbali zaidi: swali lilianza kwa kutaja uchokozi wa kimataifa dhidi ya taifa, kisha likamtaka raia aseme anamuunga mkono Rais Pinochet katika kulinda heshima ya Chile. Raia aliyeipenda nchi yake na asiyempenda Pinochet hakuwa na pa kuweka alama.

Kwa Mhariri: je, alama, rangi na mpangilio wa karatasi vina uzito gani?

Vina uzito kuliko watu wanavyodhani. Karatasi ile ya Austria niliyoitaja ilikuwa na duara kubwa katikati lenye neno la ndiyo juu yake, na pembeni kwa chini duara dogo la hapana, kama kitu kilichosahauliwa na mchapishaji. Karatasi ya Chile ya 1978 iliweka bendera ya taifa kwenye Ndiyo na bendera nyeusi kwenye Hapana. Hapo swali halihitaji tena maneno.

Alama zikichaguliwa kwa nia njema huwasaidia wasiosoma. Sudan Kusini mwaka 2011, mikono miwili iliyoshikana ilimaanisha umoja na Sudan, na mkono mmoja ulioinuliwa ulimaanisha kujitenga; karibu asilimia 99 walichagua mkono mmoja. Malawi mwaka 1993 taa ya chemli ilisimama kwa vyama vingi, na jogoo mweusi kwa chama kimoja. Nina shaka na jogoo yule, kwa sababu alikuwa tayari ni alama ya chama kilichokuwa madarakani, hivyo upande mmoja uliingia kwenye karatasi ukiwa na miaka mingi ya matangazo mgongoni. Hayakuusaidia: taa ilishinda. Kenya mwaka 2005 ilitumia ndizi kwa Ndiyo na chungwa kwa Hapana, matunda yasiyo na siasa yoyote. Chungwa likashinda, na baadaye likawa chama.

Ndugu Mhariri, dunia haina rangi mbili tu. Kwa nini tusipewe machaguo matatu au manne?

Inawezekana, na imefanyika, lakini hesabu yake ni ngumu kuliko inavyoonekana.

Newfoundland mwaka 1948 iliwauliza watu wake wachague kati ya kuendelea kutawaliwa na tume iliyowekwa na Uingereza, kurudi kujitawala wenyewe, au kujiunga na Kanada. Duru ya kwanza kujitawala kuliongoza kwa asilimia 44.6, kujiunga na Kanada kukapata 41.1, na tume ikawa ya mwisho. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, lililoshika mkia likaondolewa na watu wakaitwa tena, na mara hii Kanada ikashinda kwa asilimia 52.3. Kama kura ingekuwa ya mara moja, Newfoundland isingejiunga na Kanada mwaka uliofuata. Kanuni ya kuhesabu, iliyoandikwa kabla ya kura, ilikuwa na nguvu sawa na swali.

Wasweden hawakuweka duru ya pili mwaka 1980 walipoulizwa juu ya nishati ya nyuklia. Walipewa njia tatu. Ya kwanza na ya pili zilikuwa na maneno yaleyale upande wa mbele wa karatasi, ila ya pili iliongeza mambo mengine upande wa nyuma. Zote tatu zilizungumzia kuachana na nyuklia, tofauti ikiwa ni kwa kasi gani. Aliyetaka vinu viendelee daima hakuwekewa njia. Matokeo yalikuwa asilimia 18.9, 39.1 na 38.7. Uliza leo nani alishinda, na utapata majibu kulingana na unayemuuliza. Vinu kadhaa bado vinafanya kazi.

Kioja kikubwa zaidi ni cha Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, mwaka 1998, ambako karatasi ilikuwa na machaguo manne juu ya hadhi ya kisiwa pamoja na la tano: "hakuna kati ya haya". La tano likashinda, kwa zaidi kidogo ya nusu ya kura. Sehemu kubwa ya walioliweka mbele walikuwa wakiutetea mfumo uliopo, wakiona kwamba karatasi imeueleza kwa namna ambayo hawaitambui.

Waswisi, kwa uzoefu wao, wamepata njia ninayoipenda. Pendekezo la wananchi likikutana na pendekezo mbadala la bunge, mpiga kura hujibu maswali matatu: je, unalikubali la kwanza, je, unalikubali la pili, na yote mawili yakikubaliwa, lipi litangulie? Tangu mwaka 1987 mtu anaruhusiwa kusema Ndiyo kwa yote mawili. Kabla ya hapo hakuruhusiwa, na waliotaka mabadiliko walikuwa wakigawana kura huku wasiotaka chochote wakishinda kwa utulivu.

Mhariri, nani anapaswa kuliandika swali? Nikisema Hapana, nani ataamua Hapana yangu ilimaanisha nini?

Mahali pengi swali huandikwa na serikali au bunge, yaani na yule ambaye tayari ana jibu analolitaka. Sidhani kwamba hilo litaisha, na si lazima liishe, mradi chombo kingine kisicho na maslahi kilijaribu swali kwa watu halisi na kusema hadharani kilichoonekana. Mwaka 2013 Tume ya Uchaguzi ya Uingereza ilipojaribu swali lililouliza kama nchi hiyo "iwe mwanachama" wa Umoja wa Ulaya, iligundua kwamba baadhi ya waliohojiwa hawakujua kuwa nchi yao ni mwanachama tayari. Swali lililokuja baadaye lilisema "ibaki". Tume ikalishauri liongezwe "au iondoke", ili pande zote mbili zitajwe, na majibu yakaacha kuwa Ndiyo na Hapana, yakawa sentensi mbili kamili. Kwa upande wa maneno, karatasi ile ya mwaka 2016 ni miongoni mwa zilizotunzwa vizuri kuliko nyingi ninazozijua.

Lakini swali lako la pili ndilo lililoikuta. Kwanza tofautisha hali mbili. Ipo Hapana inayorudisha mambo yalivyokuwa jana. Hiyo ni nyepesi kuitafsiri. Na ipo isiyo na jana ya kurudia. Crimea, rasi ya Ukraine, Machi 2014, karatasi ilikuwa na machaguo mawili, kujiunga na Urusi au kurudisha katiba ya Crimea ya 1992, na hakuna hata moja lililosema mambo yabaki yalivyo. Ugiriki, Julai 2015, wananchi waliulizwa kama mpango wa wakopeshaji wao ukubaliwe, swali likitaja nyaraka mbili za kitaalamu kwa majina yake, kura ikiwa imetangazwa kama wiki moja tu kabla, na jibu la Hapana likiwa limechapishwa juu ya Ndiyo. Asilimia 61 walisema Hapana. Kabla mwezi huo haujaisha, serikali ilikuwa imekubaliana na wakopeshaji juu ya masharti ambayo wengi waliyaona magumu kuliko yaliyokataliwa. Hapana ilihesabiwa sawasawa. Tafsiri yake ndiyo iliyoandikwa na wengine.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya kura, chukua kipande cha karatasi uandike kwa maneno yako mwenyewe: Ndiyo ikishinda, asubuhi yake nani anafanya nini, kwa sheria ipi? Hapana ikishinda, vivyo hivyo. Ukishindwa kuujaza upande mmoja, mwulize anayekuomba kura aujaze mbele yako, na kama naye anashindwa, umekwisha kupata habari muhimu. Uingereza upande wa "ibaki" ulikuwa rahisi kujaza. Upande wa "iondoke" ulishinda kwa asilimia 51.9 tarehe 23 Juni 2016 ukiwa haujajazwa: kuondoka na kubaki katika soko la pamoja, au bila soko, kwa mkataba au bila mkataba, hakuna lililokuwa kwenye karatasi. Bunge lao liliukataa mkataba wa kuondoka mara tatu kati ya Januari na Machi 2019, na nchi ikatoka tarehe 31 Januari 2020, ikiwa na waziri mkuu wa tatu tangu kura ipigwe.